Ngoma Isisimame

"Kwa Bagika haendi!" Mzee Makoye alirudia, na safari hii aligonga fimbo yake kwenye jiko la mkaa. Sufuria ikayumba.

"Baba, usinimwagie mboga," alisema Paskazia. "Sijasema tumwozeshe kwa Bagika. Nimesema akacheze nao ngoma."

"Bora ungemwozesha! Anayeoa kwa Bagika hurudi nyumbani na mke. Anayecheza nao harudi na kitu. Jina la ukoo linabaki kule uwanjani, linakanyagwa."

"Basi likanyagwe, mimi namtaka mtoto."

"Wewe umesoma diploma ya mahindi, Mama Mabula. Ngoma hukusoma."

"Ni ya kilimo, Baba. Mahindi ni sehemu tu."

Paskazia alikuwa afisa kilimo wa kata. Kila msimu alikutana na wazee waliokataa mbegu mpya, na dawa yake ilikuwa kuwaacha waseme mpaka wachoke. Baba mkwe wake hakuchoka. Mumewe, aliyekuwa Kahama akiendesha lori, alipigiwa simu mchana aje kuamua, akajibu, "Muulizeni Baba," kisha akasema mtandao unasumbua.

Ugomvi wenyewe haukuwa mgeni pale Didia. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili, Bagalu na Bagika. Mtu hufuata upande wa babu zake, na baada ya mavuno pande hizo hushindana uwanjani, kila upande ukiwavuta watazamaji kwake. Mzee Makoye alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa Bagalu, kwa miaka mingi. Sasa Bagalu wa Didia walikuwa yeye, wazee wawili wenye magoti mabovu, na mmoja aliyehamia Ushirombo kwa binti yake. Vijana wao walikwenda machimboni. Bagika ndio waliokuwa na kikundi, na kila jioni kilifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Aliyegombewa alikuwa amekaa kizingitini, mgongo nje, miguu nje, kila kitu nje. Mabula hakulala ndani ya nyumba tangu alipotolewa kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo kule karibu na Bulyanhulu, lililoporomoka wakati wa masika. Walikuwemo watatu. Alitoka yeye.

Muuguzi wa afya ya akili wa mjini Shinyanga alimpa vidonge vya usingizi, kisha akamwita Paskazia pembeni.

"Kichwa chake kinajua ametoka," alisema. "Mwili haujajua. Uko kule kule, umejikunja. Dawa atameza, lakini mtafutieni mahali pa kuuchezesha huo mwili pamoja na watu. Kwaya, mpira, ngoma, chochote chenye mdundo. Asicheze peke yake."

Paskazia alianza na kwaya. Ilishindikana kwa sababu kwaya hufanya mazoezi ndani ya kanisa. Mpira nao ulishindikana kwa sababu hata kabla ya ajali Mabula hakuujua. Ikabaki ngoma. Alimfuata Donatus, kiongozi wa Bagika, kijana mpole mwenye duka la pembejeo.

"Mimi sina neno, Mama Mabula," Donatus alisema. "Lakini mjukuu wa Mzee Makoye siwezi kumpokea mpaka babu yake amlete mwenyewe. Akiteguka kifundo tu, nitaambiwa nimemloga."

Ndiyo maana ilibidi Mzee Makoye akubali, wala jambo lenyewe halikuweza kuahirishwa. Alhamisi iliyopita Mabula alikutwa amekaa ukingoni mwa kisima, miguu ikining'inia ndani. Aliulizwa anafanya nini. Akasema anasikiliza. Tangu siku hiyo kisima kilifunikwa kwa bati na mawe, na Paskazia alikuwa akiomba ruhusa kazini kila mchana ili arudi kumtazama. Kijijini kulikuwa na visima vingine.

"Kama ni ngoma, ngoma si hii hapa?" Mzee Makoye alisema. Aliingia ndani akatoka na ngoma yake, akaiweka katikati ya magoti. "Nitamfundisha mimi. Hapa hapa, leo hii. Mabula, ng'wanawane, mwanangu, simama."

"Muuguzi alisema pamoja na watu," alisema Paskazia.

"Mimi ni nani, ng'ombe?"

Mabula alisimama. Alifanya hivyo kama alivyofanya kila kitu siku hizi, kwa kuwa ameambiwa. Mzee akaanza kupiga, polepole, kisha kwa nguvu. Mikono ya Mabula ilikuwa imebana mbavuni. Mpigo uliendelea. Bega moja likapanda, likashuka. La pili likafuata. Mguu wa kulia ukakanyaga chini, ukakosea, ukakanyaga tena mahali pake. Viganja vikafunguka.

Paskazia aliacha kukata mchicha. Tangu masika hakuwa ameviona viganja vile vimefunguka.

Mzee Makoye akasimamisha ngoma. "Sivyo! Mguu wa kushoto ndio unaanza. Hapo umecheza kama Mgika."

Mabula alianguka. Hakusukumwa wala hakujikwaa. Alishuka chini mara moja, magoti yakigusa kidevu, mikono juu ya kichwa, na akabaki hivyo huku akihema kwa kasi.

"Umeona?" alisema Paskazia. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya mwanawe, mkono mgongoni kwake.

"Nimeona nini? Ni mguu tu. Mguu unarekebishwa."

"Baba, nyamaza."

"Asinyamaze," alisema Mabula.

Wote wawili wakamtazama. Alikuwa akisema kutoka chini, mdomo karibu na vumbi.

"Babu, usisimamishe. Ukisimamisha narudi."

"Unarudi wapi?"

"Chini."

Mzee Makoye alipiga ngoma kidogo, kwa vidole tu, kama mtu asiyejua la kufanya na mikono yake. Mabula alihema mara kadhaa, kisha akakaa.

"Wale wa juu walikuwa wanagonga mwamba watutoe," alisema. "Wakigonga, tunajua tunachimbwa. Fredy alikuwa anahesabu kwa kuimba. Halafu wakanyamaza. Walikwenda kutafuta miti ya kuegemeza shimo, sisi tungejuaje? Tulijua wameondoka. Mwita akalia, akaacha. Fredy akaacha kuimba. Walipoanza tena kugonga nilikuwa namwita Fredy, haitiki."

Paskazia alifikiri juu ya nyumba yake. Alikuwa amezima redio. Aliwakataza majirani kutwanga karibu na ukuta. Kuku aliwahamishia nyuma. Kwa miezi yote hiyo familia nzima ilitembea kwa kunyata ili mgonjwa apate utulivu.

"Kisimani ulikuwa unasikiliza nini?" aliuliza.

"Kama wapo."

Mzee Makoye aliendelea kupiga kwa vidole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na baridi yabisi, na baada ya muda mpigo ukaanza kulegea. Aliuangalia ule mkono kwa hasira. Mabula naye aliuangalia.

Kutoka uwanja wa shule ngoma za Bagika zikaanza.

"Wale wana wapigaji wangapi?" Mzee aliuliza.

"Wengi," alisema Mabula. "Wanapokezana. Jana niliwasikiliza toka hapa. Hawakunyamaza mpaka walipomaliza, na wakimaliza wanaimba njia nzima kwenda nyumbani."

"Miguu yao mibaya lakini."

"Mibaya, Babu."

Mzee aliweka ngoma chini. "Mama Mabula, nipe kofia yangu."

"Unakwenda wapi?"

"Unauliza kama hujui? Umenisumbua tangu asubuhi. Wewe Mabula, inuka, tembea mbele yangu wakati bado wanapiga."

Walikwenda watatu, haraka kadiri fimbo ya mzee ilivyoruhusu. Kando ya njia watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji alimwambia mwenzake kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Makoye anakwenda kupigana."

Uwanjani vijana walikuwa katika mistari miwili, njuga miguuni, na wapigaji upande wa goli. Mzee wa kiwango chake akifika kwenye ngoma, ngoma husimama. Husalimiwa na wote, huulizwa habari ya nyumbani, hupewa kiti, ndipo aseme kilichomleta. Donatus alimwona, akashtuka, akainua mkono kuwanyamazisha wapigaji.

"Shusha mkono huo!" Mzee Makoye alipaza sauti.

"Mzee, shikamoo. Tulitaka tu tukupe heshima..."

"Heshima yangu nitaidai kesho. Pigeni! Atakayesimamisha ngoma nitamvunjia fimbo hii mgongoni, nyie Bagika msio na miguu!"

Wapigaji wakapiga. Mzee akamshika Mabula bega, akampitisha mbele ya watu wote mpaka kwenye mstari, akamweka kati ya vijana wawili.

"Nimekuletea mwenyewe," alimwambia Donatus. "Umesikia? Nimemleta mwenyewe."

Mpigaji wa pili alipokea vijiti kabla wa kwanza hajaviachia.