Beti ya Tatu ya Nyamizi

Levina hakuwa mtu wa kujidharau, na waliomfahamu pale Ng'ambo walikwisha kumzoea. Sare za kwaya karibu zote za Tabora mjini zilipitia kwenye cherehani yake, na kila aliyefika kupimwa nguo alipimwa na sauti pia. "Wewe ni sauti ya pili," angemwambia mteja huku futi ikiwa bado imemzunguka kifua. "Nani kakupeleka sauti ya kwanza akuumize koo?" Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililowaudhi watu.

Kama kulikuwa na kitu alichokijua kuliko nguo, basi ni maigizo ya nyimbo, yale ya jukwaani ambayo watu hawasemezani bali huimba, kuanzia pazia linapofunguka hadi linapofungwa. Parokia za huku huyaandaa siku za jubilei na wakati wa Pasaka. Levina aliweza kukutajia nani alitunga lipi, nani aliliimba kwanza, na nani aliliboronga baadaye. Fikiri, fundi mwenzake wa cherehani ya jirani, ambaye simu yake ilipiga bongo fleva kutwa nzima, alipenda kumchokoza.

"Siku hizi mtu anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe," Fikiri alisema. "Mambo ya mtunzi huku na mwimbaji kule yamepitwa."

"Ndiyo maana nyimbo zenu zinakufa kabla ya msimu wa tumbaku kwisha," Levina alimjibu bila kuinua macho. "Mtunzi anakata kitambaa. Mwimbaji ndiye anayekivaa na kutembea nacho mbele za watu. Wanatakiwa wawili."

Na wawili wake walikuwa wanajulikana. Mtunzi alikuwa Mwalimu Prosperi, mwalimu mstaafu aliyetunga igizo la wapagazi, habari za Wanyamwezi waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi zama za misafara. Mwimbaji alikuwa Demetria wa Kigwa, aliyeimba nafasi ya Nyamizi, mke wa mpagazi. Katika onyesho la mwisho Nyamizi anasimama mlangoni pa kijiji, msafara unarejea, na wimbo wake ndio ulioliza watu wa Tabora kizazi kizima:

*Njia nimeifagia, maji yapo mtungini,*
*vumbi naliangalia, wako pale mlimani.*

Beti ya pili, wapagazi wanapita mmoja mmoja mbele yake, naye anauona mzigo wa mumewe. Anaufahamu kwa kamba alizozisokota yeye mwenyewe. Lakini umebebwa na mtu mwingine. *Mzigo naufahamu, bega hilo silijui.* Levina alipolisikia neno hilo akiwa mtoto, kwenye kaseti ya shangazi yake, aliacha kula.

Kaseti ile ilinakiliwa nyumba hadi nyumba, na zote zilikuwa na kilema kimoja: utepe ulikwisha mwishoni mwa beti ya pili. Beti ya tatu haikunaswa. Kisha Demetria akaota rovu shingoni, akapasuliwa, akapona vizuri tu, ila sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono. Mwalimu Prosperi akatangaza kwamba wimbo ule alikwisha kuusikia ukiimbwa sawasawa, hana haja ya kuusikia ukiharibiwa. Tangu hapo, igizo lilipochezwa, Nyamizi alisimama kimya jukwaani huku kinanda kikipiga peke yake, na waliokumbuka maneno ya beti ya tatu walibaki wazee wawili.

Jambo hilo lilimkera Levina kama pindo lililoshonwa upande. Parokia ilipotangaza jubilei na igizo likapangwa, alichukua suruali ya Mwalimu Prosperi aliyokuwa ameirefusha, akaipeleka mwenyewe hadi kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Suruali ningeifuata. Nani kakutuma?"

"Nimejituma. Nataka kuimba wimbo wa Nyamizi."

Mzee aliikunjua suruali, akaukagua mshono kwa muda mrefu. "Unashona vizuri," alisema. "Kwa nini hutosheki?"

"Kwa sababu ninaimba vizuri zaidi."

Mwalimu Prosperi aliwafundisha watoto wengi enzi majigambo yalipokuwa kosa la kuchapwa, lakini umri ulikuwa umemlegeza kidogo, na huyu hakuonekana kutania. Akamtaka aimbe mstari mmoja. Levina akaimba. Mzee akamtaka aimbe tena, safari hii akiangalia dirishani.

"Mara moja tu," alisema hatimaye. "Siku ya jubilei. Ukiuharibu, mimi nakwenda nao kaburini, na asije mtu mwingine kunigongea mlango. Nenda Kigwa kwa Demetria akufundishe. Umwambie tuni ni yangu, asiichezee."

"Na nisipouharibu?"

"Nitajua mimi."

Demetria alimpokea akiwa amekaa uani anamenya karanga, mwanamke mnene mwenye kovu jembamba shingoni na macho ya kucheka. Alipofikishiwa ujumbe wa tuni, alinong'ona, "Mwambie bila mimi ingekuwa karatasi ya kufungia maandazi." Ugomvi wao ulikuwa wa siku nyingi. Yeye alisema wimbo ni koo lake; Prosperi alisema bila tuni yake koo hilo lingekuwa linaita kuku. Hata hivyo, tangu siku hiyo wote wawili walimwuliza Levina habari za mwenzake kabla ya jambo lolote lingine.

Levina alivuta pumzi aanze beti ya kwanza. Demetria akamgonga mguu kwa njiti ya ufagio.

"Nani kakupa maneno, mayo, mama yangu? Anza na nota."

Ndivyo Prosperi alivyomfundisha yeye, na ndivyo angemfundisha mwingine: kwanza nota tupu, do kwa do, re kwa re, hadi wimbo ukae mwilini, maneno yatafuata mwishoni. Kila Jumamosi Levina alikwenda Kigwa na kuimba so, la, so, mi mpaka koo likamkauka, huku Demetria akipiga mdundo kwa kiganja juu ya ungo. Alizibeba zile nota hadi nyumbani, akaziimba akipiga pasi, akaziimba akitia uzi sindanoni. Fikiri alitishia kuhamisha cherehani.

Siku moja Demetria alimsimamisha katikati. "Hapo mbona unavuta kamasi?"

"Kwenye kaseti unavuta."

"Nilikuwa na mafua." Demetria alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, halafu akaacha kucheka. "Sikia, Levina. Mimi nimekwisha kuimba. Ukiniiga vizuri sana, watu watasema wamemsikia Demetria, watarudi makwao, na wimbo utabaki palepale ulipokuwa. Nataka uondoke na huu wimbo."

Levina alirudi mjini siku hiyo bila kuimba chochote njiani. Alikuwa amezoea kusifiwa, si kukabidhiwa.

Maneno ya beti ya tatu aliyapata Jumamosi ya mwisho. Demetria alimvuta karibu, akamnong'oneza sikioni mstari baada ya mstari, na Levina alipoomba kalamu akakataliwa; Demetria mwenyewe hakuandikiwa. Levina aliyarudia mara chache, akayaona mepesi. Mtu anayekumbuka vipimo vya viuno vya kwaya nzima atashindwaje na mistari minne?

Jumapili ya jubilei ukumbi wa parokia ulifurika tangu mchana. Kwaya zilitoka Kigwa, Urambo, hata Usinge, kila moja na sare yake, na Levina akichungulia nyuma ya pazia aliwatambua kwa mishono yake kabla ya sura zao. Mbele kabisa walikaa Mwalimu Prosperi na Demetria, wameachiana kiti kitupu katikati ili wagombane kwa nafasi. Agnetha, sauti ya kwanza iliyokuwa ikiutamani wimbo ule kimyakimya, alimfunga Levina khanga kiunoni. "Ukishindwa nikonyeze," alimwambia, nusu utani.

Mizigo ilibebwa, safari ikaimbwa, watu wakafa njiani na wakaliliwa. Kisha jukwaa likabaki na mwanamke mmoja na ufagio.

Levina aliimba beti ya kwanza na ukumbi ukatulia. Hakuvuta kamasi. Hakuwa Demetria, sauti yake ilikuwa nzito zaidi, yenye mkwaruzo wa chini, na Nyamizi wake hakuwa na haraka ya kulia. Beti ya pili wapagazi walianza kupita. Alimtazama kila mmoja usoni, akapisha, akamtazama anayefuata. Alipofika kwenye *bega hilo silijui*, mama mmoja wa Urambo alitoa mguno ambao hakuukusudia. Levina alijua wimbo umemshika mkono, na alifurahi kupita kiasi. Akafungua mdomo kwa beti ya tatu.

Hapakuwa na kitu. Maneno yote yalikuwa yamekwenda, hata la kwanza. Mcheza kinanda alirudia utangulizi mara ya pili akimngojea. Watu waliinama mbele, maana hii ndiyo beti waliyokuwa wakiidai tangu kaseti ya kwanza, na Levina aliona fimbo ya Mwalimu Prosperi ikikazwa juu ya sakafu. Akafanya kosa ambalo mwanakwaya pekee anaweza kulifanya. Mwili ulikuwa na nota, kinywa kikatoa nota.

"So, la, so, mi," Levina aliimba. "Mi, re, mi, do."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akakoma. Jukwaani alisimama mwanamke anayetazama mzigo wa mumewe, na kinywani mwake hamkuwa na neno hata moja la binadamu. Mcheza kinanda aliondoa mikono. Levina hakuweza kukoma wala kurudi nyuma. Aliendelea mbele, so hadi so ya juu, machozi yakimtoka kwa hofu ya kweli, maana aliamini ameuzika wimbo kwa mikono yake.

Ndipo kutoka mstari wa kwaya ya Usinge akinamama wa sauti ya pili wakamjibu. Waliimba mi, fa, mi, do, polepole, chini yake kabisa. Katika ukumbi ule usingempata mtu ambaye hakukua akiimba nota, na walipoisikia tuni mara moja walijua inapotaka kushikwa. Wanaume wa Kigwa wakaweka do ya chini, wakaiacha palepale. Beti ya tatu ikaimbwa na ukumbi mzima, bila neno, na Levina akitangulia mbele yao. Ilipokwisha walipiga makofi hadi mapadre wakasimama.

Nyuma ya jukwaa Levina alikuwa anafungua khanga kiunoni wazee wawili walipoingia, Demetria akimshika Prosperi kiwiko.

"Maneno yangu yako wapi?" mzee aliuliza.

Angeweza kusema alifanya makusudi. Nusu ya ukumbi ilikuwa tayari inasema hivyo. "Yalinitoka, mwalimu. Nimeuharibu. Nisamehe."

Mwalimu Prosperi aliketi juu ya mmoja wa mizigo ya igizo, gunia lililojazwa pumba. "Miaka yote mama huyu ananiambia wimbo ni koo lake," alisema. "Leo nimeusikia hauna koo lake, hauna hata neno langu. Umesimama."

"Umesimama kwa sababu umeimbwa," Demetria alinong'ona.

"Umeimbwa," mzee alikubali, na hakuna aliyewahi kumsikia akimkubalia Demetria jambo lolote.

"Na mwanamke akiuona mzigo wa mumewe kwenye bega la mwingine, maneno atayatoa wapi?" Demetria aliendelea. "Nilikwambia tangu mwanzo, kwenye beti ya tatu unasema mno."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unaisikiliza tuni yako."

Palepale, kwa ukaidi wake, kumbukumbu ikamrudia Levina, mistari yote minne, safi kabisa. "Nimeyakumbuka," alisema, akafungua mdomo.

"Yameze," alisema Mwalimu Prosperi. Alikuwa na machozi na hakuyaficha. "Usinge wameomba igizo liende kwao. Utaimba hivi hivi ulivyoimba leo. Siku nikiyasikia maneno hayo kinywani mwako, wimbo nampa Agnetha."

Levina, ambaye hakuwahi kuacha neno bila kulisema, alifunga mdomo.

Jumatatu alirudi kwenye cherehani. Fikiri hakumchokoza, wala simu yake haikupiga bongo fleva. Alikuwa ameinamia kola, mguu ukipiga pedali, na mdomoni akijiimbia so, la, so, mi bila kujua kwamba anaimba. Ile la aliishusha vibaya sana. Levina aliisikia, akauma uzi, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumsahihisha.