Naomba Umlaze

Hebu niambie, ukiletewa habari kwamba mgonjwa wako amelazwa, unaelewa nini? Mimi naelewa kitanda, shuka, na ndugu kupangana nani atapeleka uji asubuhi. Najua na wewe ni hivyo hivyo. Lakini pale mjukuu wangu anapotibu wanyama, neno hilo lilikuwa na maana mbili, na ndilo lililotuponza.

Mjukuu wangu ni daktari wa mifugo. Nimemlea mimi tangu akiwa na miaka sita, mwanangu aliyemzaa alipofariki. Tunaitana mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, ingawa huyo mume tunayemgombea alishazikwa zamani. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yeye alisoma mpaka miwani ikawa minene kama kitako cha chupa. Kila siku saa saba mchana nilimpelekea chakula kazini, kwenye bakuli la bluu ambalo mfuniko wake haubani upande mmoja, nikakaa kwenye benchi la mapokezi kati ya paka kwenye vikapu na kuku kwenye maboksi. Koti lake jeupe nilikuwa nikilifua mimi pia. Kwa manyoya niliyoyatoa mifukoni nilijua ameshinda na nani: mbuzi, ng'ombe, au yule sungura wa mwalimu asiyeishiwa magonjwa.

Sasa nikueleze neno lenyewe. Mnyama akiwa hana tena tumaini na anateseka, huchomwa sindano akafa bila maumivu. Pale hawakusema kuua. Walisema kulaza, ili mwenye mnyama asishtuke. Na mnyama akibaki kwenye kizimba kutundikiwa dripu, huko nako kulikuwa kulaza. Wenyewe walielewana kwa sauti tu: likitamkwa polepole, ni lile la sindano, kwenye chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mjukuu wangu. Hakuna aliyempangia. Mwenye kliniki, ambaye wote humwita Mkubwa, mtu mnene mwenye kicheko kizuri, alisema siku moja, "Mpeni dokta, ana mkono mwepesi." Basi. Sifa ikageuka kazi. Kila wa kulazwa alipelekewa yeye. Nesi, mama mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akishamfungia mlango alikimbilia mapokezi asisikie chochote. Mjukuu wangu akabaki mle ndani na mnyama. Akitoka, ananawa mpaka kwenye viwiko, anauliza, "Nani anafuata?"

Kulikuwa na mzee mmoja fundi saa, aliyefiwa na mkewe, na mbwa wake wa kahawia mwenye sikio moja lililokatika. Mbwa huyo aliitwa Jenerali, na kwa uvivu hakuwa na mpinzani. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Mjukuu wangu alishamwambia mzee kwamba siku moja huenda wakalazimika kuzungumza juu ya mwisho wa Jenerali, na mzee akaitikia, "Siku ikifika nitakupigia mwenyewe."

Ijumaa moja akapiga. Nilikuwa pale kwenye benchi, bakuli mapajani. Tangu asubuhi mjukuu wangu alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma mara nne.

"Dokta, Jenerali hali tangu jana," mzee alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu, maana wazee wenye masikio mazito kama yeye hupiga kelele kwenye simu. "Mimi nimefiwa na dada yangu, nasafiri sasa hivi. Jirani atamleta. Naomba umlaze."

Alilisema polepole. Mzee yule husema kila kitu polepole.

"Una hakika, mzee wangu?"

"Nina hakika, mwanangu. Siwezi kumwacha katika hali hii."

"Hutaki kuwepo?"

"Gari linaondoka. Wewe unatosha."

Jirani akamleta Jenerali, akatia sahihi karatasi pasipo kuisoma, akaenda zake. Nesi akafunga mlango.

Jumatatu mzee alikuja amevaa kofia ya msibani, mkononi ana mkanda mpya wa shingoni.

"Nimemfuata mgonjwa wangu," alimwambia nesi. "Ameanza kula?"

"Mzee, lakini si ulisema alazwe?"

"Ndiyo, alazwe, atundikiwe dripu. Yuko kizimba gani? Nimpigie mluzi?"

Nesi aligeuka akautazama mlango wa chumba cha nyuma. Mjukuu wangu akatokea mlangoni. Hakujificha, hakumsingizia jirani wala karatasi. Alimkalisha mzee kwenye benchi, karibu yangu kabisa, akapiga magoti mbele yake na kumwambia alichokifanya.

Mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliukunja ule mkanda mara mbili, akautia mfukoni, akasema, "Nilisema umlaze, mwanangu. Sikusema umuue." Akaondoka, na hajarudi mpaka leo.

Mkubwa alimpigapiga mjukuu wangu begani. "Jikaze, dokta. Mbwa mwenyewe alibakiza wiki mbili tatu tu. Angekuwa jenerali kweli, si angeshastaafu?" Alicheka, na nesi akacheka kidogo kwa kuogopa. Nafikiri alitaka kumsaidia. Kisha akampa faili la paka aliyegongwa na gari. Paka huyo naye alikuwa wa chumba cha nyuma.

Tangu siku hiyo bakuli lilirudi nyumbani limejaa. Nilidhani chumvi. Nikapunguza chumvi. Nikadhani nyama ngumu, nikaichemsha mpaka ikawa nyuzinyuzi. Mjukuu wangu alisema, "Niko sawa, Bibi," akaenda kulala na viatu. Wiki ya pili alimpa jirani yetu redio yake, redio aliyoinunua kwa mshahara wa kwanza. Wiki ya tatu alinionyesha bahasha kwenye droo. "Humu mna karatasi zako zote za hospitali, na za nyumba. Ujue zilipo." Nikamuuliza anasafiri? Akasema hapana.

Moyo wangu ulijua. Mdomo wangu ndio uliokataa, kwa sababu tulivyokuzwa sisi, neno kama hilo ukilitamka ni kama umelikaribisha ndani, ukalipatia na kiti. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, Jumapili asubuhi, nilikuwa nashona kifungo cha koti lake naye amekaa kwenye mkeka anautazama ukuta. Nikawaza, kule kazini kwao walitafuta neno laini, na laini lile limetufikisha hapa. Nikaitua sindano.

"Mke mwenzangu, unafikiria kujiua?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Kila siku, Bibi."

Sikulia mbele yake. Nilimvuta kichwa mapajani kama alipokuwa na surua, tukakaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Kisha nikafunga kitenge changu, tukaenda hospitali, kwa daktari wa watu sasa, mwanamke mtaratibu ambaye hakutazama saa hata mara moja. Alimsikiliza, akampa dawa na siku za kurudi, akaniambia nisimwache peke yake. Nami sikumwacha. Hata chooni nilisimama mlangoni, akinisuta, "Bibi, hata hapa?" Nikamjibu, "Hata hapo. Imba nikusikie."

Ilipofika Jumatano nilikwenda naye kliniki. Mkubwa alikuwa anakunywa chai na nesi kwenye meza ya mapokezi. Nikamwambia moja kwa moja, "Mwanangu, ufunguo wa kabati la dawa ashike mtu mwingine. Mjukuu wangu alitaka kufa."

Kikombe chake kilibaki hewani. Uso wake mpana ulisinyaa, nikaona na yeye ni mtu mzima aliyechoka. "Dokta," alisema, "mbona hukusema? Sisi tulijua wewe ndiye imara kuliko wote." Akavuta kiti. "Kaa. Unataka nini? Likizo? Sema chochote."

"Niko sawa," mjukuu wangu alisema, kwa mazoea.

Nesi alishusha macho. Mimi nilitaka kumsemea, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, nikauma mdomo. Mbuzi mmoja alilia huko nje. Mjukuu wangu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaifuta tena.

"Siku ile nilikuwa nimeingia mle mara nne," alisema. "Wa tano alikuwa Jenerali. Sikusikia vizuri kwa sababu sikuwa na masikio tena. Nyinyi mlikuwa hapa hapa, mnaniona nanawa." Akairudisha miwani usoni. "Sikutaka likizo. Nilitaka mmoja wenu anishike mkono pale mlangoni, aniambie, dokta, huyu niachie mimi."