Neno la Kuandika Baada ya Pansit

Sinia la pansit, tambi za kukaanga, lilikuwa bado linafuka mvuke, na mimi nilishamaliza sahani ya pili. Ndiyo desturi ya shule yetu hapa Iloilo: mwalimu akikaguliwa somo, anawapikia wakaguzi, nao wanakula kwanza ndipo waandike. Nimekagua miaka kumi na tisa. Nimechoka, jamani. Umeshiba tambi za mtu, halafu uandike kwamba somo lake si lolote!

Na somo la mwalimu Rosemil kweli halikuwa lolote. Dakika arobaini alizungumza na ubao. Watoto wa nyuma walichorana kwa kalamu mikononi. Ilimradi kengele ilie. Huu ulikuwa ukaguzi wake wa tatu, wa mwisho. Akipita, watawa wenye shule wanampa ajira ya kudumu; asipopita, mwaka wa shule ukiisha anafungasha.

Fomu hujazwa kwa Kiingereza. Mwalimu Mkuu, Bwana Ganzon, alivuta kiti karibu, kijiti cha meno mdomoni. Huniita Manang, dada mkubwa, kama wote hapa.

"Umeandika nini, Manang Nenita?"

"*Mediocre*. Wastani tu, basi."

"Aka, futa! Hilo kofi. Mtoto wa watu katupikia."

"Niweke *lackluster*? Kwamba halikung'aa."

"Utadhani unazungumzia sufuria."

"Haya, *underwhelming*. Tulitegemea makubwa, tukapata madogo."

"Hilo ndilo! Refu. Mpaka alimalize kulisoma, maumivu yameshapoa."

Akacheka, akajiongezea pansit. Mimi sikucheka. Yote matatu yalikuwa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na hakuna hata moja lililosema alikosea wapi. Niliandika hilo refu kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani kulala.

Rosemil akaingia kukusanya sahani. Nikamsogezea fomu, maana lazima mwalimu mwenyewe asaini. Aliisoma polepole, kisha akairudia.

"Manang, sielewi. Nimepita au sijapita?"

Bwana Ganzon akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga, akatoka. Mwoga mkubwa yule.

"Hujapita, Inday," nikasema, kama ninavyomwita kila binti mdogo.

Uso ukamshuka. Akaketi, sahani chafu mapajani.

"Kwani nimekosa nini?"

"Unawapa watoto mgongo. Unauliza swali, kisha unalijibu mwenyewe kabla hawajafungua mdomo. Wanaona huwahitaji, basi wanaendelea na yao."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Na mwaka jana?"

"Hilohilo."

"Mwaka juzi?"

"Hilohilo, Inday."

Alinikazia macho mpaka nikatazama pembeni.

"Lakini mwaka juzi mliandika inaridhisha. Mwaka jana mkaandika inaridhisha sana. Mama aliibandika ukutani, majirani wakaja kuisoma. Nani aliandika?"

"Mimi."

Nilisema hivyo, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilikumbuka hata alichopika miaka hiyo. Somo lenyewe silikumbuki.

"Umeniambia sasa hivi, haikufika hata dakika moja," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea. "Miaka mitatu, Manang, mmeninyima dakika moja."

"Nilikuonea haya."

"Ulinionea haya, au ulijionea mwenyewe?"

Akachukua kalamu, akasaini, akabeba sahani zake akaenda.

Kesho yake nilipita nje ya darasa lake. Nilisikia kelele, nikasimama dirishani nikidhani watoto wamemshinda. Wapi! Rosemil alikuwa ameupa ubao mgongo, ameketi juu ya dawati la mbele, na darasa zima lilikuwa linabishana naye. Wale wa nyuma walikuwa wamesimama, mikono juu, kila mmoja anataka aitwe yeye.

Nilikimbia ofisini, na magoti yangu haya mabovu. Fomu ilikuwa imeshapelekwa kwa watawa.