Sentimita Mbili za Mama Mabegi

Yote nitakayosimulia hapa ni kweli tupu, na mwenye shaka aniletee kitabu chochote kitakatifu, nitakishika kwa mikono miwili. Sijatia chumvi. Kama kuna chumvi, basi ilikuwemo tangu dukani.

Palikuwa na mzee mmoja, mkaguzi mstaafu wa vipimo na mizani, ambaye mtaani walimwita Sentimita. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yake ilikuwa kuingia dukani bila hodi, kuweka jiwe lake juu ya mizani ya mwenye duka, na kutazama mshale ukitetemeka. Alikuwa na uwezo wa kusikia mizani ya uongo akiwa ng'ambo ya barabara, kwa jinsi tu sukari ilivyolia ikimiminwa. Kuna muuza nyama alimwona akikata kona, na kidole gumba kikajiondoa chenyewe kwenye sahani ya mizani kwa kasi ambayo hadi leo hakijakunjika vizuri.

Kustaafu hakukumponya. Akinunua mkate, anaupima. Akiletewa chai, anagonga kikombe chini asikie kama kimewekewa kitako kinene cha kuiba nafasi. Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno machache na mkasi mkali, alishamzoea.

"Siku ukifa," alikuwa akimwambia, "utashuka kaburini na futikamba, uhakikishe hawajakupunja."

Futikamba yenyewe ilikuwa ya chuma, ile ya kujikunja ndani ya kasha la manjano, na ilikuwa na hadithi yake. Kwamba siku ya kustaafu mkurugenzi alisimama mbele ya watumishi wote, machozi yakimlengalenga, akasema chombo hiki hakistahili mkono mwingine, akamkabidhi kiwe chake milele. Hadithi hiyo Sentimita aliisimulia kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki, hata kwa daktari wa meno akiwa amefunguliwa mdomo. Na kila akiisimulia, mkurugenzi alizidi kulia.

Basi binti yao, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, akajifungua mtoto wake wa kwanza na kuwatumia wazazi tiketi mbili za ndege. Zilikuwa tiketi za unafuu: kila abiria begi moja tu, la kuingia nalo ndani, lisizidi sentimita hamsini na tano kwa urefu, thelathini na tano kwa upana, ishirini kwa unene. Uwanjani kuna fremu ya chuma. Begi lisiloingia humo halipandi.

Fundi akaamua watabeba mabegi ya mgongoni, ili mikono ibaki mitupu ya kumpokea mjukuu. "Na mpimaji wa nyumba hii ni wewe," akamwambia mumewe. "Katafute."

Ilikuwa ni kumtuma fisi buchani.

Duka la kwanza aliloingia kuulizia begi la safari lilikuwa la Mama Mabegi, mwanamke aliyefua na kukunja mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na minne, akadunduliza, na miezi minne iliyopita akaimwaga akiba yake yote katika chumba kimoja chenye mabegi kuanzia sakafuni hadi darini.

"Karibu, baba. Unasafiri?"

"Nani kakwambia nasafiri?"

"Umeulizia begi la safari. Mtu halinunui akakae nalo sebuleni."

Sentimita akaliweka hilo moyoni. Muuzaji mwepesi wa majibu ana jambo anakimbizana nalo.

Mama Mabegi akamshushia begi la kijivu. Lilikuwa jepesi mkononi lakini kitambaa chake kizito, zipu zake nene kama meno ya mamba. Lilifunguka lote kama sanduku, si kwa juu tu ukazamisha mkono kama anayetafuta kambare. Mgongoni lilikuwa na sponji yenye mifereji ya kupitisha hewa. Lilikuwa na mkanda wa kifuani, na mwingine mpana wa kiunoni.

"Huu wa kiunoni ndio siri, baba. Ukiukaza, mzigo unakaa nyongani, mabega yanapumzika. Kwa umri wako utanishukuru."

"Umri wangu umeuonea wapi?"

"Nisamehe. Kwa umri wangu, basi."

Sentimita akaligeuza begi, akalinusa, akalivuta mikanda kama anayekamua ng'ombe. Hakuna kilichokatika. "Kitu kizuri namna hii," akauliza, "kwa nini unakiuza?"

"Kwa sababu hili ni duka."

Kisha mama yule akafanya kosa kubwa kuliko yote: akamwambia alichukue nyumbani siku mbili, alijaribu, asiporidhika alirudishe. Hakutaka rehani wala kitambulisho. Sentimita alitoka pale amejaa wasiwasi hadi kooni. Katika miaka thelathini na mitatu hakuna mwenye duka aliyewahi kumwamini, na hakuona sababu ya kuanza leo.

Nyumbani alilitesa begi lile. Alifungua na kufunga zipu mara mia nne, mpaka mbwa wa jirani akaanza kujibu. Alilimwagia ndoo mbili za maji, ndani akakuta unga aliokuwa ameuweka kwa makusudi ungali mkavu wa kupikwa. Alilitia mfuko wa saruji akalitundika kwenye fremu ya mlango. Asubuhi fremu ilikuwa imeng'oka, begi limekaa juu yake kama mshindi.

Fundi akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. "Wameshona mara mbili. Na hapa mkanda unaposhika, wamerudia kwa msalaba. Aliyeshona hapa hakuwa akiwaza chakula cha mchana."

"Ndiyo maana nina shaka," akasema Sentimita. "Begi lisilo na kosa limelificha."

Akachomoa futikamba. Kibandiko cha begi kilisema hamsini na tano. Futikamba ikasema hamsini na saba. Upana, thelathini na saba. Unene, ishirini na mbili. Uso wa mzee ukang'aa kama wa mtu aliyeokota pochi.

Hakukurupuka. Alikwenda kununua mbao nyembamba, akapima kwa futikamba yake hamsini na tano, thelathini na tano na ishirini, akapigilia sanduku mfano wa ile fremu ya uwanjani. Begi likakwama shingoni. Akajitwika sanduku kichwani, akaingia nalo mtaani kama anayekwenda kuzika.

Mbele ya duka la Mama Mabegi watu walikusanyika. Begi la kijivu likagoma kuingia. Likaletwa jeusi, likagoma. Mama Mabegi akatoa fremu yake ya chuma aliyochomelewa na kaka yake, begi likazama ndani bila kelele.

"Fremu ya mshtakiwa haiwi shahidi," akasema Sentimita.

Akapima begi la shule: limezidi kibandiko chake kwa mbili. Akapima kijifuko cha miswaki: mbili. Akavuka hadi duka la viatu, akapima boksi: mbili. Hapo akasimama katikati ya barabara, macho yamemtoka. Hawa hawakuwa wezi mmoja mmoja. Mtaa mzima ulikuwa umekula kiapo.

Lakini mkononi alikuwa na begi la Mama Mabegi, kwa hiyo jina lililochafuka ni la Mama Mabegi. Mtaani pale kauli ya Sentimita ilikuwa kama muhuri. Jumatano duka halikuuza kitu. Alhamisi mwalimu mmoja alirudisha mabegi mawili bila hata kuyafungua. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya safari, Mama Mabegi akabisha hodi kwa fundi. Hakuja na shari. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, mikono magotini.

"Mzee wangu, nilifua mashuka ya watu miaka kumi na minne ili nipate mlango wa kufungua asubuhi. Ukikaa na neno lako hilo wiki moja zaidi, sitaufungua tena."

"Mwenye kipimo cha kweli hafungi duka."

"Haya. Kikionekana ni cha kweli, utafanyaje?"

Sentimita hakuwaza. Mtu mwenye uhakika hajui kuwaza. "Nitalijaza hilo begi mawe, nilibebe mgongoni toka kwa kinyozi hadi kwa muuza mabati. Na kila mlango nitasimama niseme: kosa si la begi, ni langu."

"Na kikiwa cha uongo, nafunga leo leo. Nimekubali."

Cherehani ikanyamaza. Fundi alikuwa ameinua mguu kwenye pedali.

"Mzee, begi la safari limezidi ngapi?"

"Mbili."

"La shule?"

"Mbili."

"Mfuko wa miswaki?"

"Mbili. Boksi la viatu pia mbili. Nimekwambia ni njama."

"Mwizi gani huyo anayemwibia mkubwa na mdogo sawasawa?"

Maneno hayo Sentimita aliyajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana wa ofisini: kosa likiwa lile lile kila mahali, kabla hujamshika mtu, kagua chombo chako.

"Toa futikamba," akasema mkewe. "Nisomee namba ya kwanza."

Kwa miaka yote macho yake yalikwenda kwenye mwisho wa kipimo, pale uongo wa watu unapokaa. Mwanzo hakuwahi kuutazama. Sasa akautazama. Hapakuwa na kile kijichuma cha kushikia. Palikuwa na mkato uliopinda.

"Tatu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake polisi.

"Na moja na mbili ziko wapi?"

Fundi akafungua droo, akatoa mkasi wa zamani wenye pengo kwenye makali, akauweka mezani mbele ya Mama Mabegi kama anayemtambulisha mgeni. "Mkasi wangu bora kuliko yote. Nilikuwa nao tangu usichana. Mwulize uling'oka jino kwa kukata nini."

Ndipo ukweli ukatoka, mmoja mmoja kama mbegu za pera. Siku ya kustaafu hakukuwa na hotuba. Mkurugenzi alikuwa likizo. Alikuwapo mtunza stoo tu, mwenye njaa, na orodha ya vifaa vya kurudisha. Muhuri wa serikali kwenye futikamba ulichongwa katika sentimita mbili za mwanzo, na mtunza stoo alisema yeye shida yake ni muhuri. Sentimita akaenda nyumbani mbio, akaukata, akaurudisha muhuri, akabaki na futikamba. Kisha akatunga yale machozi ya mkurugenzi, akayasimulia hadi naye akayaamini, na mkato ukamtoka akilini kabisa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema ni fupi kwa sentimita mbili.

"Kwa hiyo sanduku lako la mbao," akasema Mama Mabegi polepole.

"Ni la hamsini na tatu," akamalizia Sentimita.

Saa nane mchana alisimama mlangoni kwa kinyozi, begi la kijivu mgongoni, ndani yake mawe kumi na saba, kila moja ukubwa wa nazi. Akasema lililompasa kusema. Kinyozi akaomba arudie, kwa kuwa mashine ilikuwa ikinguruma. Mashine ilikuwa imezimwa. Akarudia. Kwa muuza simu, kwa fundi saa, kwa mwenye duka la viatu aliyemwekea kiti ili asikilize vizuri: kosa si la begi, ni langu.

Mlango wa tano alikaza mkanda wa kiunoni, na hapo akagundua jambo lililomuudhi: mabega hayakuuma. Mzigo ulikuwa umetulia nyongani kama mtoto aliyebebwa na mama yake. Hakuna mshono uliolia. Kilichokuwa kizito ni ulimi tu. Nyuma yake Mama Mabegi alitembea na mabegi mengine matatu mkononi, akiwajibu watu waliouliza lile la mzee linapatikana wapi. Walipofika kwa muuza mabati alikuwa ameshaahidi mabegi kumi na moja, na yule mwalimu alikuwa akiyataka tena mawili yake.

Sentimita akamtazama kwa jicho la zamani. "Dada, siku ile nilipopima dukani kwako, uliona futikamba yangu?"

"Baba, nimekunja mashuka miaka kumi na minne. Sentimita mbili naziona nikiwa nimefumba macho."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Kesho yake, uwanjani, begi la kijivu lilizama kwenye fremu na likabaki na nafasi ya kupumua. Mjukuu alipopimwa urefu, alipimwa kwa futikamba ya bibi yake.

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta. Ila fundi amezisoma karatasi hizi kabla sijazitoa nyumbani, na amezirudisha zimepigwa chaki ya kushonea. Mbwa wa jirani hakujibu kitu. Fremu ya mlango ilikuwa imeliwa na mchwa tangu zamani. Na kando ya "palikuwa na mzee mmoja" ameandika: mzee mmoja nani, wakati aliyeng'oa fremu ndiye anayekula kwangu?

Nimejitetea kwamba hayo ni mapambo. Ameniuliza mawe yalikuwa mangapi. Nikasema kumi na saba. Akaniambia yeye ndiye aliyeyahesabu kwa mkono wake, na yalikuwa tisa.

Begi liko mlangoni, ameshaniwekea mawe manane yaliyobaki kutimiza kumi na saba. Nakaza mkanda wa kiunoni. Kinyozi bado hajafunga.