Kengele ya Beata

Nyumbu wa mizigo hamfuati mtu. Anamfuata farasi jike aliyevaa kengele, na asipoisikia hujiendea zake. Kila mtu katika njia ya kutoka Panama hadi Portobelo, kutoka bahari ya kusini hadi ya kaskazini, analijua hilo. Hata Don Lope Arriaga alilijua, naye ndiye aliyekuwa mwenye nyumbu, mwenye fedha ya Peru waliyobeba, na mwenye sisi tuliowachunga. Lakini mwoga haongozwi na anachokijua.

Kiongozi wetu alikuwa Bernabé. Don Lope alimwahidi hati ya uhuru siku mzigo utakapofika Portobelo. Alimwahidi mwaka huu, kama alivyomwahidi mwaka jana na mwaka juzi. Tukifika, meli zinapakia, Don Lope anashinda kwenye mnada, na hati iko kwa mwandishi, njoo kesho. Kesho yenyewe tunageuza nyumbu kurudi Panama.

Bernabé alikuwa mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza nani kakwambia. Basi asubuhi ile, tulipokuta majivu ya moto kando ya mto, na Don Lope akaanza kupiga kelele kwamba watumwa watoro wa msituni wametuzunguka, nilijiandaa kusikia mabishano.

"Zibeni hiyo kengele!" alisema Don Lope. "Mnataka kuwaalika waje wajipakulie?"

"Sawa, bwana," akajibu Bernabé.

Aling'oa majani, akayashindilia ndani ya kengele ya farasi wetu, Beata, hadi ikawa bubu.

"Kaka, unaumwa?" nilimuuliza.

"Kwa nini?"

"Umesema sawa."

"Bwana kaamuru, Cosme. Mimi nani nibishe?" Akacheka puani.

Mvua ilishuka. Njia ilikuwa tope tupu, na miti imeifunga pande zote mbili. Tulipovuka mto kwa mara ya pili na kugeuka, nyuma yetu hakukuwa na nyumbu hata mmoja.

Don Lope alivua kofia akaitupa topeni. "Wako wapi? Bernabé! Nyumbu wangu wako wapi?"

"Wanatafuta kengele, bwana."

"Kawalete! Ukiwaleta, naapa kwa Bikira, hati yako naiandika leo hii, kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Karatasi italowa, bwana. Usijisumbue."

Askari wawili tuliokuwa nao walitazama msitu, kisha wakatazama viatu vyao. Bernabé akashika kamba ya Beata. Alipopita karibu nami alinong'ona, "Unakuja?"

"Mke wangu Inés na mtoto wetu wapo Panama," nilisema. "Nyumbani kwa bwana."

Aliitikia kwa kichwa, hakunilaumu. Akatoa mkate wake wa mahindi mfukoni, akanitia mkononi.

"Kula wewe. Ninakokwenda wanapika."

Akaingia msituni. Punde tukaisikia kengele, safi, imetolewa majani. Nyumbu mmoja akalia huko mbali, mwingine akamjibu, kisha vichaka vikaanza kuvunjika huku na huku, wote wakiifuata sauti ile.

Don Lope aliketi juu ya jiwe akapiga ishara ya msalaba. Machozi yalimlengalenga. "Unasikia, Cosme? Anawakusanya! Mtu mwema yule. Safari hii nampa, haki ya Mungu nampa."

Nadhani safari hiyo alisema kweli. Nilimwonea Bernabé wivu.

Kengele iliendelea kulia. Baada ya muda Don Lope akainua kichwa.

"Mbona kama inafifia?"

"Njia ina kona nyingi, bwana," nilimwambia. "Tuvute subira."

Nikamega mkate, nikala polepole, hadi kengele ikawa haisikiki tena.