Gari la Watoto Watulivu

Bibi wa Gari aliwafinya watoto wa watu. Hilo halina ubishi, na mwenyewe hakulikana. Asubuhi ile ya mvua gari la shule lilikuwa linapanda mlima kwa kukoroma, vioo vimefungwa, pumzi za watoto zimevitia ukungu. Bibi alitembea ameinama katikati ya viti, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine unapapasa mikono ya watoto. Akimkuta aliyefumba macho anamfinya pale penye nyama, chini ya kiwiko, mpaka jicho lifunguke.

"Bibi, unaniumiza," alilalamika mtoto wa mwenye duka la dawa.

"Umia, baba. Ukiumia najua upo."

"Dada wa kwetu anasema wewe mchawi," msichana wa kiti cha pili akamwambia.

"Mwambie mchawi hupanda ungo. Mimi napanda gari bovu."

Watoto wawili watatu walicheka. Wengine hawakuwa na nguvu za kucheka. Huko mbele dereva, ambaye watu walimwita Taratibu kwa kuwa gari lake halikujua mwendo mwingine, alimtazama kwenye kioo.

"Bibi, kaa chini. Utaanguka nishtakiwe mimi."

"Fungua dirisha lako."

"Mvua hii?"

"Taratibu, mwanangu, fungua dirisha."

Alifungua upana wa kidole. Walipofika kona ya pili alikuwa ameshalifunga.

Zamani gari lile lilikuwa na kelele za soko. Na kelele nyingi zilitoka kwa mjukuu wa Bibi, mtoto wa kike wa miaka saba ambaye nyumbani na shuleni walimwita Chiriku, maana alianza kuongea akiwa bado na usingizi na aliacha akiwa ameshasinzia tena. Chiriku alisoma bure. Hiyo ndiyo ilikuwa faida ya kazi ya bibi yake: kuwapandisha watoto, kuwashusha, kuwafuta kamasi, na mjukuu kusoma na watoto wa wenye nazo. Ila asiyelipa hachagui kiti. Wanaolipa walikaa mbele, penye madirisha yanayofunguka. Chiriku alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti ambacho dirisha lake lilikwama tangu gari halijanunuliwa.

Kisha gari likaanza kushindwa na mlima. Mkurugenzi wa shule, mwanamama mwenye sauti laini ambaye wafanyakazi wote walimwita Madamu, akalipeleka gereji. Bibi alikuwepo, alipewa tochi amulike. Fundi aliingia chini ya gari akakata kitu kama chungu cha bati kilichokaa katikati ya bomba la moshi. Ndani kilikuwa na vitundu vidogo vidogo visivyo na idadi, kama vya nyuki, ndiyo maana mafundi hukiita masega.

"Hiki ndicho kinachosafisha moshi," alisema fundi. "Ila kimeziba, na gari kuukuu likizibwa pua halipandi mlima. Kipya ni ghali. Hiki kikuukuu kina mnunuzi."

Mnunuzi mwenyewe alikuwa pale pale mlangoni na mizani yake. Mahali pa masega fundi akaweka kipande cha bomba la kuokota, kikawa kifupi. Pale kilipopungua, chini ya kiti cha nyuma, akazungushia bati na kukaza kwa waya. Sakafu ya gari sehemu hiyo ilikuwa imeliwa na kutu, imefunikwa zulia.

"Hapa nimefunga tu," aliwaambia. "Mwambieni mwenye gari alirudishe wiki hii nilichomelee vizuri."

Taratibu alimwambia Madamu. Madamu akasema mwezi ujao. Mwezi ule fedha ya masega ilipaka rangi geti la shule, na lilipendeza kweli. Mkaguzi wa magari alipokuja alipewa kiti, akapewa soda, akapewa na bahasha. Mkono mtupu haulambwi, na ule haukuwa mtupu. Alibandika stika yake kwenye kioo bila kuinama kuangalia chini ya gari.

Gari likapanda mlima. Na watoto wakatulia. Kwanza walitulia wakati wa baridi tu, madirisha yakifungwa, kisha karibu kila siku. Walikuwa wanashuka wakipepesa macho, wengine wakishika vichwa, wachache wakitapika getini. Harufu ya moshi walishaizoea wote. Wazazi walifurahi. Mama mmoja alisema hajapata kuona gari la shule lenye nidhamu namna ile, akamuuliza Bibi dawa yake. Bibi alicheka akasema ni mapenzi tu. Hata Chiriku alipoacha kuongea njiani, bibi yake alidhani shule imemtia adabu. Alimshukuru Mungu. Hilo ndilo lililokuwa linamwamsha usiku: kwamba alishukuru.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Lori liliharibika darajani, magari yakasimama, injini zinanguruma, madirisha yamefungwa. Walipofika getini, Bibi akapiga makofi kama kawaida yake na watoto wakaamka mmoja mmoja. Chiriku hakuamka. Mdomo wake ulikuwa mwekundu, unapendeza, kama aliyepakwa rangi. Madamu aliagiza apelekwe kwanza stoo, ili watoto wa watu wasiogope. Hospitali walipofika walisema moyo.

Fundi alikuja msibani. Alikaa mkekani na wanaume wengine, lakini wakati wa kuaga alimvuta Bibi pembeni, hakumtazama usoni.

"Ile waya, mama. Gari lilirudi kuchomelewa?"

"Halikurudi."

Fundi alivaa viatu vyake, akaondoka bila kuagana na mtu. Hapo ndipo Bibi alipoelewa yote kwa mpigo: maumivu ya kichwa ya mjukuu wake yaliyokuwa yakiisha Jumamosi, kiti cha nyuma, zulia, usingizi ule. Aliporudi kazini akaanza kufinya.

Alama za vidole vyake zilipigwa picha kwenye mkono wa mtoto wa mwenye duka la dawa, na kabla ya mchana picha ilikuwa kwa kila mzazi. Madamu akamwita ofisini.

"Bibi yangu, kaa. Una uchungu, tunajua. Lakini watoto wa watu si pa kumalizia uchungu."

"Madamu, gari linaua. Moshi unaingia ndani."

Madamu aliinuka akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Neno hilo likitoka nje ya chumba hiki, wazazi watahamisha watoto. Wakihamisha, shule imefungwa. Taratibu ana watoto wanne. Wapishi, walinzi, wote hao utawalisha wewe?"

"Sitaweza."

"Hospitali walisema moyo. Wewe ni daktari?"

"Hapana, Madamu."

"Basi. Gari litatengenezwa likizo. Wewe pumzika nyumbani sasa, umri umekwenda." Kisha sauti ikawa laini zaidi. "Na sisi si wanyama. Nafasi ya marehemu hatumpi mtu baki. Mlete mdogo wake, atasoma bure mpaka amalize. Nimeshampigia mama yake. Kiti ni kile kile."

Bibi alipofika nyumbani alimkuta binti yake sakafuni, sare ya Chiriku mapajani, anaikunja pindo. Alikuwa amefua nguo za watu tangu alfajiri, vidole vimejikunja kwa maji. Bibi akamweleza: masega, bati, waya, kutu. Binti alisikiliza huku sindano inakwenda.

"Kama linaua, mama, mbona halijaua mtoto anayelipa?"

"Wanaolipa wanakaa mbele."

Sindano ikasimama.

"Shule yetu ya hapa mtaani wako mia darasa moja," binti akasema. "Wanaandika kwa zamu. Nimemzika mmoja sikumpa chochote. Na huyu nisimpe hata shule?"

"Mpe uhai kwanza."

"Uhai wa kufua nguo za watu?" Alisema polepole, bila hasira. "Ninao huo. Niambie nimpeleke wapi, mama. Niambie mahali."

Bibi alitafuta mahali hapo, akafikiri majina ya shule, majina ya ndugu, akafikiri hata kwenda polisi, akamkumbuka mkaguzi na bahasha yake. Binti akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno.

Jumatatu mvua ilinyesha tena. Walisimama watatu kando ya barabara chini ya mwavuli mmoja. Mtoto alikuwa na miaka mitano, sare inampwaya mabegani, furaha imemjaa hadi anaruka kwa mguu mmoja. Gari lilikuja polepole. Mlango ulifunguliwa na msichana mgeni, ndiye aliyechukua kazi. Alikuwa ameshaonywa asimguse mtoto yeyote. Hewa ya moto ikawapiga usoni. Taratibu alitazama mbele, mikono kwenye usukani, hakugeuka.

Bibi alimshika mtoto mkono akaukaza.

"Mama," binti yake akasema. "Mwachie."

Hakumwachia. Binti akamfungua vidole, kimoja baada ya kingine, kwa upole, kama mtu anayefungua fundo la kanga. Mtoto akapanda. Alisimama pale juu, begi likimning'inia hadi magotini, akawasalimia wenzake kwa sauti kubwa, kama alivyofundishwa.

"Hamjambo nyote?"

Vichwa vilikuwa vimelala, vingine kwenye vioo, vingine mabegani kwa jirani. Mtoto akangoja kuitikiwa. Kisha akaweka kidole mdomoni, akamgeukia bibi yake na kumwonyesha ishara ya kunyamaza, akaenda nyuma kwa kunyata ili asiwaamshe.