Unene wa Mdomo wa Ndege

Kwa miaka thelathini na mmoja nimepima midomo ya ndege wa kisiwa kimoja ambacho sijawahi kukikanyaga. Wanaletwa wamekaushwa na kujazwa pamba, kila mmoja ana lebo mguuni. Nawabana mdomo kwa kipimo cha chuma, nasoma milimita, naandika. Ofisini wananiita Mzee Nukta, kwa sababu sijawahi kuruka tarakimu iliyo baada ya nukta. Hesabu hizo nilijifunza ukubwani, kwenye masomo ya usiku, na sioni haya kusema hivyo.

Daftari langu linaonyesha jambo kubwa. Mvua zilipopungua kisiwani, mbegu laini ziliisha, zikabaki ngumu. Wenye midomo myembamba walikufa njaa. Wenye minene walizipasua, wakaishi, wakazaa. Kizazi baada ya kizazi mdomo umenenepa, karibu milimita moja kwa jumla.

Jumatatu Daktari, msimamizi wa utafiti wetu, aliingia na trei ya ndege. Ni mimi niliyemfundisha kushika kipimo, angali mwanafunzi.

"Shikamoo, Mzee Nukta."

"Marahaba. Umeniletea kazi au umbea?"

"Vyote." Hakucheka. "Mpimaji mpya amepima ndege wa mwaka huu. Kapata midomo myembamba kuliko uliyopata wewe."

"Basi mnunulieni miwani."

"Miwani anayo, mzee. Naomba upime tena hawa, wa mwaka wako wa kwanza kazini. Lebo nimezifunika."

Nilielewa. Ndege aliyekufa miaka thelathini iliyopita hanenepi. Akinenepa, aliyebadilika ni mimi.

Nilipima ishirini. Daktari alilinganisha na daftari langu la kwanza, kalamu ikishuka mstari kwa mstari.

"Wamezidi milimita sifuri nukta nne," akasema. "Karibu wote." Kisha, taratibu: "Labda kipimo kimelegea. Ni cha siku nyingi hiki."

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Kidole gumba changu cha kulia kina ganzi. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Sijui tena nabana kiasi gani. Naacha mapema, chuma hakijagusa sawasawa. Kosa likiwa la kipimo, hakuna ajuaye lilianza lini, na daftari zima ni la kutupa. Likiwa la kidole, mwaka naujua mimi peke yangu.

"Si kipimo," nikasema. "Ni kidole. Kina ganzi."

"Tangu lini, mzee wangu?"

"Mwaka wa ishirini na tatu wa kazi. Kabla ya hapo hesabu ni safi. Kuanzia hapo, punguza."

Akapiga hesabu pembeni mwa karatasi.

"Hata nikipunguza wamenenepa. Zaidi ya nusu ya ulichoandika kinabaki."

"Haya."

Nilingoja furaha, au aibu. Hakuna iliyokuja. Aliomba kipimo, nikampa. Nikawarudisha ndege ishirini kwenye droo yao, chali, midomo yote upande mmoja, nikaisukuma droo. Ilinibana kidole gumba. Nilijua kwa kutazama tu.